Sheria ya umeme ya 2014, nikiisoma kutoka Uvira



Mimi si mwanasheria, na enjenyeri wa umeme pia si mimi. Lisansi yangu ni ya agronomia, na memwari yangu ilikuwa juu ya mpunga wa bonde la Ruzizi. Mtauliza: mtu wa mpunga anatafuta nini ndani ya sheria ya umeme? Mashini ya kukoboa mpunga ndiyo ilinipeleka huko.

Iko hivi. Kuna kooperative moja kwenye njia ya kwenda Bukavu, si mbali sana na Sange, ambayo nimeisaidia tangu nimalize masomo. Zamani walikuwa wanakoboa kwa mazutu. Bei ya mazutu ikipanda, mchele nao unapanda, na mara nyingine mashini inalala kabisa. Halafu proje moja ikaja, ikawawekea pano za jua za kilowati 20. Kazi nzuri, nasema kweli. Miezi ya mavuno mashini inaimba tangu asubuhi. Lakini mpunga una msimu na jua halina. Mavuno yakiisha, pano zinabaki pale juu ya paa, zinaangalia mbingu, na hakuna anayezitumia. Nimehesabu kwa upole: siku yenye jua zuri kilowati 20 zinaweza kutoa kama kilowati-saa 80. Nyumba yenye taa chache, televisheni na simu za kuchaji inaridhika na kilowati-saa 2 kwa siku. Yaani tunamwaga umeme wa nyumba 40, kila siku, karibu nusu ya mwaka.

Mama mmoja wa kamati aliniuliza swali ambalo sijalisahau: «Mwanangu, ju ya nini batu ba Uvira banalala mu giza, na siye tuko na moto yenye haina kazi? Waya si unapita pale kwa barabara?»

Nikapeleka swali lake kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Baba aliyenipokea alikuwa mtu wa heshima, alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema nilete barua. Nikaleta barua. Akaisoma, akaigeuza, akaniuliza: «Sasa mimi nikujibu kwa kifungu gani?» Nikakosa la kusema. Njo siku hiyo nilienda kutafuta sheria yenyewe.

Ni Sheria nambari 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014, juu ya sekta ya umeme. Ilirekebishwa mwezi wa Desemba 2018. Kabla yake, SNEL ilikuwa peke yake. Sheria hii ndiyo ilivunja ukiritimba huo na kuruhusu watu binafsi kuzalisha, kusafirisha, kugawa na kuuza umeme. Inapanga shughuli kwa ngazi: konsesioni, lisansi, otorizasio, deklarasio, na mwishoni kabisa uhuru. Mitambo midogo ya matumizi binafsi, isiyozidi kilowati 50, haiombi ruhusa ya mtu. Hapo nilifurahi. Kooperative yetu na kilowati zake 20 iko ndani ya uhuru bila wasiwasi.

Nikaendelea kusoma, na furaha ikapungua. Uhuru huo ni wa kuzalisha kwa ajili yako mwenyewe. Siku unataka kuvuka barabara na kuunga waya wako kwenye waya mkubwa, umetoka kwenye chumba cha uhuru na umeingia kwenye korido ambayo milango yake haina namba. Nani anaamua ni wapi nitaungwa? Nani ananunua transfoma? Konteri itakuwa ya aina gani, na itasomwa na nani? Kilowati-saa yangu ya saa sita mchana itakuwa na bei gani? Sheria inagusa mambo haya kwa maneno makubwa, kisha inayaachia maandishi ya utekelezaji. Ndiyo desturi ya sheria zetu nyingi: kichwa kinazaliwa leo, miguu itafuata. ARE, mamlaka ya kusimamia sekta, na ANSER, shirika la umeme vijijini, ziliundwa kwa dekreti za 2016, na wakuu wao waliteuliwa mwaka 2020. Toka sheria mpaka kupata mtu wa kuisimamia, miaka sita. Mwanafunzi aliyeanza graduat mwaka ule wa 2014 alikuwa amemaliza lisansi, kama hakurudia.

Kuna wenzetu wanasema: kwa nini kanuni zote hizo? Si uunge tu? Hapa acha nitetee kanuni, maana nimefanya kazi kwenye mifereji. Katika shamba la kumwagilia, kama kila mtu anafungua mlango wa maji saa anayotaka, wa juu anazama na wa chini anakauka. Msimamizi wa maji hayuko pale kwa ajili ya kusumbua watu. Umeme ni vilevile, tena ni mkali zaidi: kinachoingia lazima kilingane na kinachotoka, sekunde kwa sekunde. Hapa kwetu mtandao unapiga hertzi 50. Uzalishaji ukizidi matumizi, hertzi zinapanda, ukipungua, zinashuka, zikienda mbali sana, mashini zinajitoa zenyewe ili zisiharibike, na giza linaingia. Pia kuna jambo la uhai. Fundi anapanda nguzo akijua laini imekufa. Kumbe katika nyumba moja kuna mtu amewasha grupu au onduleri bila inverseri, na umeme wake unarudi nyuma mpaka kwenye kabine, unapanda juu ya transfoma, unamkuta fundi na mikono yake. Kwa hiyo karibu kanuni zote za dunia zina sharti hili: mtandao ukikatika, onduleri yako ijitoe nayo papo hapo.

Sharti hilo ni zuri. Na ndilo linalonipa shida.

Fikiri vizuri. Kanuni hizi ziliandikwa na watu ambao kwao umeme unakatika mara chache kwa mwaka. Kwao, pano kuzimika pamoja na mtandao ni dakika chache za usumbufu. Uilete kanuni hiyo Uvira bila kuibadilisha. Tuchukue siku moja ya delestaji: umeme upo usiku, unaondoka saa nne asubuhi, unarudi saa kumi na moja jioni. Jua langu linafanya kazi kati ya saa mbili na saa kumi na moja. Basi nikiwa nimeungwa kihalali, kwa onduleri inayotii sharti, nitauza saa mbili za asubuhi, ambazo jua lake bado ni dogo, halafu nitazimika. Jua kali lote la mchana nitalikosa mimi, na litakosekana kwa jirani. Yaani nimetoka kwenye pano zisizo na mtu wa kumpa umeme, nimeingia kwenye pano zilizokatazwa kutoa umeme.

Ufundi wa kuponya jambo hili upo. Onduleri za mseto zinajitenga na mtandao, kisha zinaendelea kulisha nyumba au mashini zikiwa na batri. Hata kipande kizima cha mji kinaweza kujitenga kama kisiwa, kikaendelea kuwaka, mradi kuna swichi inayoonekana na fundi anayo funguo. Lakini hayo hayatokei kwa bahati. Lazima yaandikwe: nani anaruhusiwa kuwa kisiwa, swichi inakaa wapi, nani anatoa taarifa kwa nani kabla ya kuungana tena. Kanuni ya mji wenye delestaji inapaswa kuanza na swali la delestaji. Hilo ndilo lawama yangu kubwa kwa namna tunavyoandika sheria za umeme: tunaandika kama vile mtandao upo.

Hata walio na mtandao imara wamejikwaa. Ujerumani, wakati pano za paa zilikuwa chache, kanuni ilisema kila onduleri ijizime hertzi zikifika 50,2. Pano zikawa mamilioni ya kilowati. Wakagundua kwamba siku hertzi zikigusa namba ile, zote zitazimika kwa pamoja na mtandao wa Ulaya utatikisika. Mwaka 2012 walianza kurekebisha mitambo kama 315.000, moja baada ya nyingine, kwa pesa nyingi. Sisi tuna bahati ya kuchelewa. Hatuna pano nyingi za kurekebisha.

Tuje kwenye pesa. Kenya, katika Sheria ya Nishati ya 2019, iliweka utaratibu wa konteri inayohesabu pande mbili kwa mitambo isiyozidi megawati 1, na kanuni zake zikatoka mwaka 2024. Ukitoa kilowati-saa moja kwenye mtandao, unarudishiwa nusu kwenye faktire yako. Wengine wanalalamika kwamba nusu ni kidogo. Mimi nikisoma nasema: angalau mtu wa Kisumu anajua ni nusu, anaweza kukaa na kalamu. Lakini msikimbilie kuinakili. Utaratibu ule unahitaji vitu viwili. Kwanza konteri, na katika miji mingi ya Kongo wateja wengi wa SNEL hawana konteri, wanalipa forfe. Utampunguzia nini kwenye faktire mtu ambaye faktire yake haihesabu? Pili, unahitaji mtandao uliopo mchana. Bei nzuri ya kilowati-saa bila ahadi ya masaa ni bei ya kitu ambacho hakitanunuliwa.

Na ahadi ya masaa nayo ina mtego wake. Huko huko Kenya, shamba la upepo la Ziwa Turkana, megawati 310, lilikuwa tayari mwaka 2017, lakini laini ya kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikamilika mwaka 2018. Mkataba ulisema umeme ulio tayari ulipwe hata kama laini haipo. Ikabidi walipe upepo ambao haukuwasha hata balbu moja. Mnaona tofauti? Mkubwa ana mwanasheria, analipwa laini ikikosekana. Kooperative yetu haina mwanasheria; laini ikikosekana hasara ni yake. Sitaki tulipwe kama Turkana, nchi haina pesa hiyo. Ninachotaka ni kwamba hasara ya laini mbovu isiangukie mdogo peke yake. Tuweke hata bei mbili: moja ya kawaida, na nyingine ya juu kidogo kwa yule anayeweza kulisha kipande cha mtandao wakati wa delestaji.

Mfano unaonipendeza zaidi uko ng'ambo ya ziwa letu, Tanzania. Wao, zaidi ya miaka 15 iliyopita, walitengeneza mkataba wa mfano kwa wazalishaji wadogo, toka kilowati 100 mpaka megawati 10. Mkataba uko tayari, bei inatangazwa, hauendi kubembeleza ofisi kwa ofisi. Kanuni zao zinasema pia nini kinatokea siku TANESCO ikifika kwenye kijiji ambacho tayari kina mzalishaji mdogo: anaweza kugeuka kuwa muuzaji wa TANESCO, au kununua kwa jumla na kuwagawia wanakijiji. Kule Mufindi kuna mtambo wa maji wa Mwenga, megawati 4, tangu 2012 unauzia mtandao wa taifa na papo hapo unagawa umeme vijijini. Sisemi Tanzania ni paradiso. Nasema pale mtu wa ofisi akiulizwa «kwa kifungu gani?», ana ukurasa wa kufungua.

Kwetu, kukosa ukurasa huo kuna picha yake, na picha hiyo iko Goma. Sheria ya 2014 ilifanya kazi Goma, hilo lazima tulikubali. Virunga Energies ilifungua mtambo wa Matebe wa megawati 13,8 mwaka 2015. Nuru ikawasha mtambo wa jua wa megawati 1,3 kule Ndosho mwaka 2020. Watu waliosahau balbu wakakumbuka. Lakini angalia barabara: nguzo za kampuni hii, nguzo za kampuni ile, na nguzo za SNEL, zote kwenye mtaa mmoja. Kila mmoja na mtandao wake, na mteja analipia nguzo zote hizo kupitia bei. Ndivyo inavyokuwa sheria ikifungua mlango wa kuzalisha kabla ya kupanga namna ya kuungana: aliye na mtaji anajenga mtandao wake, asiye nao anabaki na pano juu ya paa la mashini ya mpunga.

Uvira hatuna haja ya nguzo za pili. Tuna haja ya nguzo zilizopo kupokea mikono mingi. Umeme wetu unatoka mbali, kwenye mabwawa ya Ruzizi karibu na Bukavu: Ruzizi I ya mwisho wa miaka ya 1950, na Ruzizi II ya mwaka 1989, megawati 43,8, ambayo tunaigawana na Rwanda na Burundi kupitia SINELAC. Chochote kikitokea kule juu, sisi huku chini tunasikia. Mwaka 2022 takataka za plastiki kutoka Ziwa Kivu ziliharibu mashini ya Ruzizi I, na Bukavu na Uvira zikapungukiwa. Chupa mtu aliyotupa Bukavu inazima friji Mulongwe. Vita sitaiongelea, wote tunaijua.

Na jua na bwawa ni marafiki, hilo watu wengi hawalijui. Bwawa linaweza kusubiri. Mchana pano zikitoa, mashini za Ruzizi zinaweza kupunguza mwendo, maji yakabaki Ziwa Kivu, yakatumika saa moja jioni wakati kila nyumba inawasha. Warundi hapo ng'ambo tu wameshaanza: mtambo wa jua wa Mubuga, mkoa wa Gitega, megawati 7,5, umeungwa kwenye mtandao wa REGIDESO yao tangu 2021. Ukisimama Kavimvira unaona nchi ambayo imeshajibu swali ambalo sisi bado tunauliza kwa barua.

Kwa nini ninakazana hivi? Ni juu ya maji. Mwaka 2015 jarida la PLoS Medicine lilitoa utafiti uliofanyika hapa Uvira, juu ya miaka ya 2009 mpaka 2014. Watafiti walilinganisha maji yanayosukumwa kila siku na watu wanaolazwa kwa kipindupindu. Siku bila maji ya bomba ilifuatwa, ndani ya siku 12, na ongezeko la wagonjwa la 155%, ukilinganisha na wakati maji yanatoka vizuri. Pampu zinakula umeme. Umeme ukienda, mama wa Kimanga na Kalundu wanarudi na mabidoni yao ziwani na mtoni, na mengine mnayajua.

Kwa hiyo kama mimi ningepewa kalamu, kanuni ya kwanza ya Uvira isingekuwa juu ya bei. Ingesema: pampu za maji na hospitali ziwe kipande kinachoweza kujitenga, na mzalishaji yeyote wa jua aliye kwenye laini ile aruhusiwe, tena alipwe, kuendelea kukilisha wakati mtandao mkubwa umeondoka. Ya pili ingekuwa mkataba wa kurasa mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, uliobandikwa ukutani. Sheria ya 2014 niliisoma kwa Kifaransa, na kuna vifungu nilivisoma mara tatu. Mama wa kamati yetu, ambaye anaijua hesabu ya magunia kuliko mimi, hawezi kuifungua. Bei, konteri na transfoma zingefuata, na hapo ningewaachia waliosoma umeme. Kwenye promosheni yetu wako, na ningefurahi kuona wamenisahihisha pale nilipokosea hesabu.

Sikatai kwamba mtandao dhaifu haubebi kila kitu. Kilowati 20 mwishoni mwa laini ndefu zinaweza kupandisha volti mpaka balbu za jirani zikaungua. Rafiki yangu wa umeme aliniambia hivyo, na nimemwamini. Lakini aliniambia pia kwamba kulipima ni kazi ya siku chache kwa mtu mwenye vifaa. Hakuna aliyekuja kupima, kwa sababu hakuna kifungu kinachosema nani aje.

Barua yangu bado iko kwenye faili pale ofisini. Nilipita mwezi uliopita nikaiona, ina mhuri wa kupokelewa. Kooperative haikusubiri. Wameweka meza mbele ya nyumba ya mashini, wanachaji simu kwa faranga chache. Jumamosi nilipofika nilihesabu simu 31 mezani na redio mbili. Juu ya paa, kilowati 20 zilikuwa kwenye jua la saa sita, na waya wa barabarani, mita kama 60 hivi kutoka pale, ulikuwa umekatika.